Begi Langu Lilikuwa Mlangoni

Assalam alaykum wenzangu. Na nyie dada zangu mlioteremka kutoka milimani, mnaosema Tumsifu Yesu Kristo, nami nawaitikia kwa moyo mweupe. Bibi zangu wa mkeka wa mbele, shikamooni. Mama mwenyekiti wa kikundi chenu hiki cha wanawake kanitaka nizungumze kifupi. Nimemwambia mtu aliyezaliwa Songo Mnara hajui kuzungumza kifupi. Kwetu ukienda kuomba kaa la moto kwa jirani, unaondoka chakula cha jirani kimeshaiva.

Sitataja jina la mtu. Walionitendea wema hawakunituma niwatangaze, na wengine huenda wangeona haya. Wengi wenu mnaniita yule wa Norwei, maana huko ndiko ninakoishi na hapa naja likizo tu. Basi leo yule wa Norwei atawaeleza alivyoanguka huko, nani walimwinua, na kwa nini kila akimaliza kuswali huiombea dua nchi ambayo watu wake wengi hawaswali kabisa.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine za boti. Alipata kazi kule kwenye karakana ya meli, akatangulia, kisha akaniita. Mji wenyewe mdogo, mbele bahari, nyuma milima, na baridi ambayo siwezi kuwaeleza mkanielewa. Ukitoka bila kofia, masikio unayasikia yanauma kisha huyasikii tena. Nami nikapata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Nilicheka peke yangu siku ile. Mtu anaondoka kwenye kisiwa cha samaki, anapanda ndege mpaka mwisho wa dunia, anapewa kisu anaambiwa haya mama, pasua samaki.

Lakini ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi kupasua samaki kwa raha namna ile. Walinipa buti, glovu, aproni na mafunzo. Mshahara uliingia kwa jina langu mimi, si kwa jina la mume, wala hakuna aliyemwuliza mume kama ameridhia. Jioni nikirudi nimechoka, marehemu naye anarudi kachoka, basi anapika yule aliyewahi kufika. Ndiyo, alipika. Na vyombo aliosha. Cheka tu, bibi, lakini alivyokuja likizo hapa na kukuta shemeji zake wamemwandalia maji ya kunawa, alinitazama kama mtu anayesema usiwaambie.

Mungu hakutujaalia mtoto. Nalisema hili mapema kwa sababu mnajua lina maana gani kwa mjane. Mjane mwenye watoto ana pa kuegemea, hata wakimsumbua anasema hii ni nyumba ya wanangu. Asiye na mtoto, matanga yakiisha watu huanza kuangalia vitasa vya milango. Nimekua nikiliona jambo hilo. Shangazi yangu mmoja alipofiwa na mumewe alitoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akatoka na kitanda na kapu la vyombo, na waliomtoa ni watu aliokuwa akiwapikia kila Idi. Hakuna aliyemfokea. Walimwambia kwa upole kabisa, dada, tumekuja kuona mali ya ndugu yetu. Mimi nilikuwa msichana, nikambebea kapu. Jambo kama hilo ukiliona ukiwa mdogo, linakaa mwilini.

Mume wangu alianguka kazini. Moyo. Karakana iko mbali na hospitali kubwa, mlima katikati, basi wakaita helikopta. Sikilizeni vizuri hapo. Fundi wa mashine, mtoto wa Kilwa, mweusi, mgeni, lugha yenyewe anaongea kwa kubabaisha, wakamrushia helikopta kama waziri. Daktari akiwa ndani, muuguzi ndani, wanampigania angani. Hawakumwokoa, siku zake zilikuwa zimefika. Ila nikikumbuka kwamba mume wangu alikufa watu wanamshika mikono wasimwachie, na kwamba hakuna aliyeuliza kwanza nani atalipa, machozi yananitoka mpaka leo, na si ya uchungu peke yake.

Manispaa ikatupa mahali pa kumzika, sehemu waliyowatengea Waislamu, akalazwa kuelekea kibla. Familia moja ya Kisomali kutoka mji mwingine walikuja kumwosha na kumswalia, wakakaa nami kidogo, wakarudi kwao kwenye kazi zao. Msimamizi wangu wa kiwandani, mwanamume wa makamo, alikuja makaburini na kofia mkononi. Akaniambia, pumzika, ukiwa tayari utatuambia. Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi nyumbani, nikavaa nguo nyeupe, nikafunga mlango, nikaanza eda.

Sasa hapa ndipo nilipoanguka, na nyie mtanielewa kuliko mtu yeyote.

Hapa kwetu mjane hatangazi eda. Eda inajitangaza. Nyumba nzima inajua, mtaa unajua, muuza mkate anajua. Mwanamume asiye ndugu yako hata simu hapigi, na akipiga hupokei, naye haoni vibaya. Chakula kinaletwa. Mmoja anakuja kukuchotea maji, mwingine kukaa nawe tu. Miezi minne na siku kumi, watu wanakuzunguka bila kuombwa. Basi mimi nikakaa ndani nikiwangojea watu.

Hawakuja.

Msimamizi akapiga simu. Nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Nikawa najiuliza, huyu mwanamume hana haya, anampigia mjane? Akatuma ujumbe, sikuufungua. Sikujua kwamba kule mfanyakazi asipoonekana na asipopokea simu, hakuna anayewaza eda. Neno lenyewe hawanalo.

Na majirani je? Hao niliwahukumu, tena hukumu kali. Tulikaa ghorofa ya kati, juu yetu aliishi bibi mmoja peke yake. Nilimsikia anashuka ngazi kila siku, anafika mlangoni kwangu, anasimama, kisha anaendelea. Moyoni nikasema, tazama wazungu, anasimama kusikiliza kama nalia, wala hodi hapigi. Mume wa mtu amekufa na hata uji hawaleti. Baadaye sana nikaja kujua kwamba kule mlango uliofungwa unaheshimiwa. Ukifunga, maana yake umesema niacheni. Bibi yule alikuwa anasimama pale akiniomba ruhusa moyoni, anaogopa kunisumbua. Mimi namngoja apige hodi, yeye ananingoja nifungue. Kila mmoja ana adabu zake, na adabu zetu zimegongana mlangoni.

Mchele ukaisha. Nikabaki na samaki wa kwenye friza, nawachemsha kwa chumvi. Nikawa sili vizuri, silali vizuri. Na katika ile njaa na ile baridi nikaanza kumwona shangazi yangu na kapu lake. Nikajisemea, nyumba hii imepangwa kwa jina la mume wangu. Kazi nimeshaipoteza, maana sijaenda. Mtoto sina. Wataniacha mpaka lini? Nikatoa begi kubwa tulilokuja nalo, nikapanga nguo zangu, msahafu, picha ya harusi. Vifaa vyake vya ufundi nikavisafisha, nikaviweka pembeni kwenye sanduku lake, ili watakaokuja wasiseme nimeficha mali. Begi nikaliweka mlangoni. Kila asubuhi nikiamka nalitazama, nasema labda leo.

Wenzangu, hakuna aliyeniambia niondoke. Si mtu wa manispaa, si mwenye nyumba, si mtu yeyote. Nilijifukuza mwenyewe, kwa hofu niliyoibeba kutoka huku, nikaivusha bahari, ikafika salama kuliko mimi.

Ikaja siku wakagonga.

Haikuwa hodi ya mtu mmoja. Niliposikia miguu mingi ngazini, nikajua wamefika. Nikajifunika vizuri, nikafungua. Mbele yangu alikuwa polisi wa kike, kijana, nywele kazifunga nyuma. Nyuma yake msimamizi wangu wa kiwandani. Nyuma kabisa bibi wa juu, kashika kikombe kimefunikwa kisahani.

Polisi akaniuliza kwa lugha yao, polepole ili nielewe, "Uko salama?"

Mimi nikajibu, "Mizigo iko tayari."

Akatazama begi. Akanitazama mimi. "Unakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Sijui. Mtakakonipeleka."

 Yule binti akavua kofia yake, akakaa chini sakafuni, hapo hapo mlangoni, na mavazi yake yote ya kipolisi. Akapiga simu akamtafuta mkalimani. Nikasikia sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Kongo, inaniita mama. Tangu mume wangu afe sikuwa nimesikia mtu akiniita kwa lugha yangu. Nikalia mpaka mkalimani naye upande wa pili nikamsikia anapenga.

Akanitafsiria: "Mama, huyu dada anasema hakuna anayekutoa. Nyumba ni yako, sheria inampa mke nafasi ya kubaki kwenye nyumba aliyopanga mumewe. Anauliza, nani alikwambia uondoke?"

Nikasema hakuna.

"Anauliza, kwa nini hupokei simu? Bosi wako alidhani umekufa humo ndani. Yeye ndiye aliyewaita."

Hapo ndipo niliponyanyua macho nikamwona msimamizi. Alikuwa amesogea mpaka kwenye ngazi, kageuka ametazama ukuta. Baadaye nilimwuliza kwa nini aligeuka. Akasema, nilikuona umejifunika, nikaona haifai nikutazame. Hakuna aliyemfundisha. Mtu wa kiwanda cha samaki, hajawahi kusikia neno eda, akamheshimu mjane kwa kubahatisha tu. Wahenga walisema ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Mimi niliuona uungwana siku ile, na mwenyewe alikuwa ananuka samaki.

Nikaeleza. Nikamweleza mkalimani eda ni nini, naye akawaeleza wao. Nilitegemea watacheka au watasema hapa si kwenu. Polisi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Unataka kuimaliza hiyo eda?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi tuone itawezekanaje."

Itawezekanaje. Jamani, neno hilo. Mimi nilizoea kuulizwa itakuwaje.

Msimamizi akaongea akiwa bado ametazama ukuta. Akasema kazi yangu iko palepale. Kuna daktari wa kike, atakuja kuniona, akiona siwezi kazi ataandika, na mshahara utaendelea. Kuanzia siku hiyo yeye hatapiga simu, mfanyakazi mwenzangu wa kike atapiga kwa niaba yake. Na kweli daktari alikuja. Alinipima, akaniambia nimekonda na nina huzuni, jambo nililokuwa nalijua, lakini likiandikwa na daktari wa kule lina nguvu. Nikakaa eda yangu yote mpaka ikaisha, katika nchi ambayo labda nilikuwa mjane wa kwanza kuikaa tangu mji ule ujengwe.

Na bibi wa juu? Siku ile wote walipoondoka, yeye alibaki. Alinipa kile kikombe, kahawa, imeshapoa. Nikainywa. Akanyoosha kidole kwenye begi, akatikisa kichwa, akaliburuta mwenyewe mpaka chumbani. Kuanzia hapo akawa anakuja kila alasiri. Hasemi mengi. Anakaa, anafuma soksi, mie nasoma msahafu. Siku nyingine ananionyesha kitu ananitajia jina lake, nami narudia, ananirekebisha. Nilijifunza lugha yao kwa kahawa ya bibi yule kuliko kwa darasa lolote. Nilipozoea nikamwambia, bibi, mimi nilikudhania mbaya. Akasema naye alinidhania najivuna.

Siku ya kutoka eda, nilifikiri nitaoga peke yangu na kuomba dua peke yangu. Wasomali wakaja na gari lao, mama na binti zake. Wakaja wanawake wa kiwandani, kila mmoja na keki, kule hawaendi mahali bila keki. Mama wa Kisomali akanisaidia kuoga, tukaomba dua sebuleni, wanawake wa kiwandani wamekaa kimya mikono mapajani, hawajui inasemwa nini lakini hakuna aliyetazama simu. Dua ilipokwisha, mmoja wao akauliza taratibu kama sasa inaruhusiwa kukata keki.

Mnataka kujua baada ya hapo? Nilirudi kiwandani. Wakaniuliza kama nataka kusoma zaidi, kazini hapo hapo, nipate cheti cha ufundi. Mimi, niliyeacha shule kwa kuwa boti ya kunivusha haikuwa inakuja kila siku. Nikasoma, nikafaulu. Nikajifunza kuendesha gari kwenye barafu, jambo ambalo simshauri mtu. Leo nasimamia meza nzima ya wapasuaji, na wamo wanaume, na wananitii bila kunung'unika zaidi ya kawaida ya wanaume.

Lakini kitu ninachokishukuru kuliko cheti na gari ni hiki. Siku moja ya Idi msimamizi alitaka tubaki kazini jioni. Nikamwambia mbele ya watu, hapana, na haki yangu hunipi wewe, iko kwenye sheria.  Nikarudi nyumbani nikijua nimekwisha. Kesho yake asubuhi akanikuta kwenye mlango wa kiwanda, akanisalimia kama kawaida, akaniuliza Idi ilikuwaje, chakula gani tulipika. Nikamwuliza, hujakasirika? Akasema, nilikasirika jana, ulikuwa sahihi. Ikaisha. Kumwambia mkubwa hapana, halafu akakusalimia kesho yake. Huo ndio uhuru niliouona kwa macho yangu.

Sisemi kule ni peponi. Kuna upweke unaouma, na kuna wazee wanaokaa mwezi hawajaguswa mkono na mtu. Mimi nilibahatika kuwa na bibi wa juu, na naye kabahatika kuwa na mie, maana sasa ni mie ninayempelekea uji. Huku kwetu mnazungukana, na hilo msiliache. Ila huku tunakuzunguka ukiwa unalia, kisha matanga yakiisha baadhi yetu tunaanza kuangalia vitasa. Kule hawakunizunguka mpaka walipojua, lakini walipojua, walikuja na sheria mkononi, na sheria ile ilikuwa upande wangu.

Na sheria hata hapa ipo, wenzangu. Mama mwenyekiti ameisoma mbele yenu mara nyingi kuliko mimi. Ila haina miguu. Inangoja watu wa kuipeleka mlangoni.

Nawashukuru basi. Namshukuru polisi aliyekaa sakafuni. Mkalimani aliyeniita mama. Msimamizi aliyetazama ukuta. Mama wa Kisomali na binti zake. Bibi wa juu, ambaye nikimwambia nakwenda kwetu hunifumia soksi za sufu nije nazo Kilwa, na sijapata moyo wa kumwambia kuna joto gani. Na nawashukuru nyie, mnaokutana hapa kila Jumamosi, kwa sababu kile walichonifanyia watu wale mnaweza kukifanya nyie bila helikopta.

Nina neno moja la mwisho, nalo ndilo lililonileta.

Juzi nilikwenda kumpa mtu pole. Silitaji jina, wala mtaa. Ni mdogo kwangu, hana mtoto kama mimi, na eda yake ndiyo kwanza imeanza. Tukazungumza, akanipa chai. Wakati wa kuondoka nikaona nyuma ya mlango begi limefungwa, na juu yake kapu la vyombo. Nikamwuliza, nani kakwambia uondoke? Akasema, bado hawajasema.

 Nilikwenda nyumbani nikalala chali na macho wazi.

Yeye leo hayupo hapa, yuko ndani. Lakini najua humu mna masikio yatakayomfikishia. Mwambieni hivi. Kesho asubuhi tunakuja, mie na mama mwenyekiti na yeyote kati yenu mwenye miguu. Atasikia watu wengi mlangoni. Asiogope, afungue. Tutamwuliza kama yuko salama. Kisha tutalichukua lile begi, tutalirudisha chumbani, na tutakaa chini naye mpaka hao waliokuwa hawajasema waje watukute tumekaa.